Jedwali Nililolijaza Msimu wa Korosho

Siku ya kwanza kuripoti kazini, mkuu wangu alinipa kiti kibovu na swali. Kiti nilikiegemeza ukutani kikakaa. Swali ndilo lililonitoa jasho. "Ndugu Mwalimu," alisema kabla hata ya kunikaribisha, "mtu asiye na ajira ni nani?" Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, nimefundisha shule za msingi kwetu Singida mpaka sauti imekauka, kisha nikasomea uchumi ukubwani na kupangiwa Mtwara, mji ambao nilikuwa nauona kwenye ramani tu. Nikajibu nilichokariri chuoni: ni yule asiye na kazi, anayeitafuta, na aliye tayari kuianza. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye mafaili yake. Mpaka saa ya kutoka hakuniambia kama nimepata au nimekosa, na mimi usiku nikalirudia jibu langu neno kwa neno.

Mtanisamehe nikianza na woga. Ninyi mnaoanza kazi za mipango sasa hivi mna kompyuta na mnajiamini, na mimi nafurahi kuwaona. Lakini mkitaka kujua kazi hii ilivyokuwa miaka ya tisini, siwezi kuisimulia bila kusema kwamba mimi niliifanya roho ikiwa juu, na kwamba woga huo haukuniumiza mimi peke yangu.

Mkuu wangu cheo chake kilikuwa Mchumi Mwandamizi. Alisomea Ulaya ya Mashariki, akarudi na koti zito ambalo Mtwara halina kazi, na hakutaka kulitupa. Wakati wenzetu ofisini wameshaanza kuitana bosi, yeye bado alimwita kila mtu ndugu, kuanzia mfagizi mpaka mgeni kutoka wizarani. Rafiki yake mkubwa, na mpinzani wake mkubwa, alikuwa Afisa Kazi, yule anayeshughulikia mikataba na malalamiko ya wafanyakazi. Huyu alikuwa mtoto wa wakulima wa korosho kutoka Newala, mwembamba, mwenye maneno mafupi. Wote wawili walikuwa watu wa mrengo wa kushoto, waliamini uchumi ni wa wanaofanya kazi, na walichukia soko huria kwa moyo mmoja. Ungedhani hawana cha kugombania.

Kila Jumatano, baada ya chai ya saa nne, Afisa Kazi alikuja ofisini kwetu na ubishi ukaanza.

"Bila ukuaji hakuna ajira," Mchumi Mwandamizi alikuwa akisema. "Pato la mkoa likue kwanza. Mashine zizunguke, kiwanda kizae karakana, karakana izae usafiri, bandari ipate mzigo. Ndivyo nchi zinavyojengwa."

"Pato lako linakua kwenye karatasi, Mzee. Mashine zenyewe zinavunjavunja korosho. Wape wanawake visu na meza, wabangue kwa mkono, utaajiri ukumbi mzima pale palipokaa mashine moja."

"Vidole viungue na mafuta ya ganda? Huo ndio ujamaa wako?"

"Njaa nayo inaunguza."

Mimi nilikaa pembeni naandika kumbukumbu, naomba Mungu wasinione. Maana kila mmoja akikwama alinigeukia: "Au vipi, Mwalimu?" Na mimi niko kwenye muda wa majaribio, sijathibitishwa kazini, na fomu yangu ya kuthibitishwa inajazwa na mmojawapo. Nikawa nachekacheka tu. Nilijifunza mengi Jumatano zile, lakini sikuwahi kutoa maoni yangu hata mara moja.

Ubishi wenyewe haukuwa wa kupitisha muda. Nje kidogo ya mji kulikuwa na kiwanda cha kubangua korosho kilichofungwa, na ule ulikuwa wakati wa ubinafsishaji, yaani serikali kuuza mali za umma kwa watu binafsi. Mnunuzi alishapatikana. Alitaka majengo yawe ghala la korosho ghafi zinazongoja meli, basi. Ofisi yetu ikaombwa maoni: auziwe hivyo anavyotaka, au auziwe kwa sharti la kubangua na kuajiri watu hapahapa? Sharti hilo ndilo walilokuwa wakilitegemea wanawake waliopunguzwa kazi kiwandani. Mmoja wao alikuwa mwenye nyumba wangu.

Bi. Zuhura alikuwa mjane wa Kimakonde aliyenipita kwa miaka kama kumi. Nilipanga chumba kwake Chikongola. Kiwandani alikuwa akipanga madaraja: korosho nzima huku, zilizopasuka huku, zilizoungua kule, na alizijua kwa kuzigusa tu. Aproni yake ya kazi alikuwa bado akiifua na kuianika uani, ingawa hakuna aliyemwita. Nikitoka ofisini ananipokea kwa swali moja. "Mwalimu, kinafunguliwa lini?" Nami najibu kama tulivyofundishwa kujibu: "Tunalifanyia kazi, mama."

Ili sharti likubalike, ilibidi tuonyeshe kwamba watu wasio na ajira ni wengi. Mchumi Mwandamizi akanipa mimi utafiti huo. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kubwa. Dodoso, yaani karatasi ya maswali, lilitoka makao makuu, na swali lake la kwanza linatumika duniani kote: katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote ya kukupatia kipato, japo kwa saa moja? Akisema ndiyo, unatia vema kwenye kisanduku cha wenye kazi na unaendelea. Siku hizo saba huitwa kipindi cha rejea. Ukikosea kukichagua, kila utakachokihesabu baadaye kitakuwa sahihi na bado kitadanganya.

Afisa Kazi alinifuata kwenye korido nikiwa nahesabu madodoso.

"Mwalimu, usiende sasa."

"Kwa nini?"

"Huu ni Oktoba. Korosho zinaanguka. Hata bibi anayetembelea mkongojo anaokota, na kila anayeokota anapewa chochote. Ngoja kifuku, mvua zikolee, watu wamalize akiba. Februari ndiyo utajua nani ana kazi na nani hana."

"Kikao na wageni wa Dar ni Januari."

"Omba kisogezwe."

Siwafichi, nilimwelewa vizuri sana. Lakini kuomba kikao kisogezwe kulimaanisha kusimama mbele ya Mchumi Mwandamizi na kumwambia kwamba kazi yangu ya kwanza haitakamilika kwa wakati. Niliipiga picha hiyo kichwani, nikaendelea kuhesabu madodoso. Kesho yake nikapanda Landrova nikaenda.

Tulizunguka Chikongola, tukaingia vijijini, tukashuka mpaka Kilambo kwenye ukingo wa Ruvuma. Kila tulikopita watu walikuwa na shughuli. Huyu kaokota korosho za jirani asubuhi moja, yule kabeba mzigo wa mtu anayevuka kwenda Msumbiji, mwingine kauza maandazi siku ya gulio. Nikawa natia vema, vema, vema. Mwandiko wangu ni mzuri, mjue, nimefundisha watoto kuandika, na nilianza hata kuona raha madodoso yalivyokuwa safi.

Nyumba ya Bi. Zuhura nayo iliangukia kwenye sampuli. Nikamketisha kama mtu nisiyemjua, kama mwongozo ulivyotaka.

"Bi. Zuhura, siku saba zilizopita ulifanya kazi yoyote ya kukupatia kipato?"

"Kazi gani, Mwalimu? Kiwanda si kimefungwa?"

"Yoyote ile. Hata ya saa moja."

"Labda juzi. Niliokota korosho kwa shemeji, akanipa makopa sahani moja, nikapika ugali."

"Hicho ni kipato."

"Mihogo mikavu hiyo?" Akacheka. "Haya, andika. Wewe ndiye uliyesoma."

Nikatia vema.

Nilipomaliza kujumlisha, safu ya wasio na ajira ilikuwa karibu tupu. Niliirudia hesabu mara tatu, nikiomba niwe nimekosea. Sikuwa nimekosea. Nikampelekea Mchumi Mwandamizi, akalisoma jedwali muda mrefu, miwani imemshuka puani.

"Umejaza kwa haki?"

"Ndiyo, Mzee."

"Hukumpendelea mtu?"

"Hapana, Mzee."

"Basi hatuligusi," akasema. "Hata likituumiza." Hakuniuliza nilihesabu lini, na mimi sikusema.

Januari wakaja wageni wa Dar, wale waliosimamia uuzaji wa viwanda. Kikao kile nakiona mpaka leo. Mchumi Mwandamizi alisimama kutetea sharti, akasema kiwanda kifunguliwe na mashine zikarabatiwe. Afisa Kazi akasimama kutetea sharti hilohilo, akasema mashine zing'olewe na wanawake wabangue kwa mkono. Badala ya kuwajibu wageni wakaanza kujibizana wao kwa wao, Jumatano yao ileile, mbele ya watu waliokuja na kalamu. Mkuu wa wageni, mtu mpole, aliwasikiliza mpaka wakachoka. Kisha akalivuta jedwali.

"Nani amelijaza hili?"

"Mimi."

"Umefuata mwongozo?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo watu wa hapa kazi wanazo. Una la kuongeza, mama?"

Afisa Kazi alikuwa akinitazama. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: tulihesabu msimu wa korosho. Nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Nikafikiria fomu yangu, nikafikiria Mchumi Mwandamizi atakavyonitazama akijua kwamba nilionywa nikanyamaza.

"Hakuna la kuongeza," nikasema.

Ikapendekezwa kiwanda kiuzwe bila sharti. Jioni ile Bi. Zuhura hakuniuliza swali lake. Wala kesho yake. Kunyamaza kwake kukanitisha kuliko matusi. Nikaanza kudamka na kuondoka kabla watu hawajaamka, narudi baada ya kuhakikisha yuko jikoni. Sahani anayoniwekea mlangoni nairudisha na chakula. Nikatafuta chumba Shangani, nikawasingizia wenzangu wa kazini kwamba ni karibu na ofisi, na kabla ya wiki mbili kwisha nikahama bila kumuaga Bi. Zuhura, siku aliyokwenda gulioni. Barua ya kuthibitishwa kazini ilifika mwezi uliofuata, nikaifungia sandukuni bila kuisoma mara ya pili.

Baadaye nilihamishiwa Lindi, chini ya Katibu Tawala Msaidizi mmoja aliyekuwa mkali wa sarufi ya taarifa kuliko wa hesabu zake, kisha wilayani, kisha miaka ya elfu mbili nikarudishwa Mtwara, safari hii mimi mwenyewe nikiwa Mchumi Mwandamizi. Mzee wangu alikuwa amestaafu na kufariki kwao. Afisa Kazi amerudi Newala kwenye mikorosho yake, na niliambiwa kwamba tangu kikao kile hakuwahi tena kuja kunywa chai ofisini kwetu. Gesi ya Mnazi Bay ilikuwa imeanza kuzungumzwa kila mahali, na vijana wangu wakabishana kama wale wazee: ukuaji kwanza, hapana, ajira kwanza. Niliwaacha wabishane. Ila nilikuwa na amri moja, na mnaweza kuuliza waliofanya kazi nami: hakuna utafiti wa ajira unaofanywa mara moja. Mnahesabu msimu, mnahesabu kifuku. Mkuu mmoja alinilalamikia, "Mama, unamaliza mafuta ya gari." Nikamjibu kwamba nitatembea kwa miguu. Watu walidhani ni ukali wa kitaaluma. Ilikuwa hofu tu, ileile, imevaa miwani.

Nilistaafu, nikaagwa kwa soda na vitenge, watu wakasema mambo mazuri ambayo nilishindwa kuyasikiliza. Wiki iliyofuata nikaenda Chikongola. Miaka yote hiyo nimekaa mji mmoja naye na nimekuwa nikizunguka mitaa ili nisipite mlangoni kwake.

Bi. Zuhura alikuwa amekonda, macho yameingia ukungu, lakini sauti aliitambua. "Karibu, Mwalimu," akasema, kana kwamba nilikuwa nimetoka sokoni. Nikakaa. Nikasema yote, nisije nikaghairi: Oktoba, onyo la Afisa Kazi, makopa, kikao, lile neno nililolimeza. Niliposema, nililia. Yeye alingoja nimalize.

"Tulijua," akasema.

"Mlijua?"

"Afisa Kazi alikuja hapa mchana uleule, kikao kilipokwisha. Akasema mauzo bado hayajasainiwa, kuna siku za kuweka pingamizi. Aliyelijaza jedwali, yaani wewe, akienda kusema kwamba alihesabu msimu wa korosho, watahesabu upya. Ila aende mwenyewe. Maneno yetu sisi yasingepokelewa."

"Kwa nini hamkuniambia, mama?"

"Uliogopa. Nilikuona unavyoogopa, hata sahani ulikuwa unairudisha na chakula. Nikawaambia wenzangu tusimbane, tukimbana atakimbia. Nikaacha kukuuliza kiwanda. Asubuhi walikuwa wanakuja hapa, wanawake wa kiwandani, wameshaoga, wamevaa kanga zao nzuri, tunakaa uani tunangoja utoke, useme neno moja, twende nawe ofisini." Akatafuta ukingo wa mkeka kwa vidole, akaunyoosha. "Kila wakifika, umeshaondoka. Siku moja nikafungua chumba, nikakuta hata kitanda hakipo."

Nikamuuliza walifanya nini.

"Walikuja tena kesho yake," akasema. "Nilishindwa kuwaambia umehama."