Nishani Iliyonadiwa Ihanda

Asubuhi ile Ezekia alikuwa anakoroga kahawa kwenye kopo la maziwa, nyuma ya gari la wagonjwa. Kahawa ilitoka kwetu Ihanda. Mama yake aliikaanga na kuitwanga mwenyewe, akamfungia siku tulipoondoka na kikosi cha kulinda amani kwenda mashariki mwa Kongo.

"Kunywa, Dokta. Stashahada haishibishi."

Alipenda kunichokoza hivyo, nami nilipenda kuitwa Dokta. Nilijisomesha kwa kubeba mizigo mpakani Tunduma, bila mjomba wala mfadhili. Katika kitongoji chetu mimi ndiye wa kwanza kupata stashahada ya utabibu. Ezekia aliishia kidato cha nne, akawa dereva.

Redio iliita kabla hajamaliza kikombe. Askari wetu watatu walikuwa wamejeruhiwa kwenye kituo cha mbele. Tulifika, tukawapakia, tukageuza. Barabara ya kurudi inashuka kati ya migomba mirefu.

Risasi ya kwanza nilidhani ni jiwe.

Ya pili ilipasua kioo.

Nililala sakafuni kati ya majeruhi. Mifupa yote ya binadamu niliijua kwa majina, lakini vidole vyangu vilishindwa kushika mkasi. Mkojo ulinitoka.

"Dokta, wako hai?" Ezekia aliuliza kutoka mbele.

"Wako hai."

"Wote watatu?"

"Wote."

Gari halikupunguza mwendo. Kila kona aliuliza swali lile lile, na kule kumjibu ndiko kulikonirudishia mikono. Nikakaza bandeji, nikatundika dripu. Mara ya mwisho sauti yake ilikuwa ndogo sana. Nilidhani naye anaogopa.

Sikuinua kichwa kumtazama.

Langoni mwa kambi gari lilisimama taratibu, kama lina abiria wazee. Majeruhi wakashushwa wakiwa hai. Injini iliendelea kunguruma. Nilipofungua mlango wa mbele, kiti kilikuwa kimelowa damu. Risasi ilimwingia chini ya kwapa. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani.

Ripoti niliandika mimi, maana mimi ndiye msomi. Nilijaza ukurasa mzima kuhusu bandeji na dripu. Ezekia nilimpa mstari mmoja: dereva alifariki. Miezi kadhaa baadaye nikavishwa nishani kwa kuokoa watu watatu.

Niliporudi nyumbani niliipeleka kanisani Ihanda siku ya mavuno ili ibarikiwe. Nilikuwa nimekaa mbali kwa miaka mingi, nikasahau utaratibu wetu: kinachowekwa mbele siku ile ni sadaka, na baada ya ibada kinanadiwa. Mzee wa kanisa alimaliza mikungu ya ndizi, akainyanyua nishani yangu.

"Haya jamani, medali hii! Nani anaanza?"

"Inaliwa na ugali?" mtu aliuliza kutoka nyuma. Watu wakacheka.

Nilisimama kuzuia. Kabla sijafungua mdomo, mama yake Ezekia alimnyanyua jogoo aliyekuwa amempakata.

"Natoa huyu."

Hakuna aliyeongeza. Aliipokea, akaigeuzageuza, kisha akaja hadi pale niliposimama.

"Mwanangu, hii walikupa kwa kazi gani?"

Ningeweza kumjibu kwa maneno ya ripoti yangu, na kila mtu angeniamini.

"Kwa kuendesha gari, mama."

Alinitazama. Tangu utoto wetu alijua kwamba mimi siwezi kuendesha hata baiskeli. Aliifunga nishani kwenye pindo la khanga yake, akarudi kuketi.

Sasa nina duka la dawa Tunduma, nimelijenga kwa nguvu zangu. Ukutani nimetundika vyeti vyangu vyote vya masomo, na mteja akiuliza namsomea kimoja kimoja. Cheti cha nishani kiko kwenye droo. Kina jina langu.