Mkono Ulioshika Mwavuli

Mwanangu, umenionyesha picha zako za maporomoko, na sikukatalii, ni nzuri. Ukungu umeukamata barabara. Lakini umesema kuna mama mwenye mzigo wa kuni aliyekuharibia moja, ukamfuta. Basi kaa kidogo. Mvua hii haitakuacha ufike huko kwako Ndera sasa hivi.

Nakumbuka siku moja ya mvua kama hii, mwezi wa kumi na moja, mwaka wa tisini na tatu. Nilikuwa na studio ndogo hapa hapa Nyakabanda, na mke, Konsolata, niliyeoana naye hata miaka miwili haijatimia. Tulikula kwa picha za watu: ubatizo, harusi, vitambulisho. Mimi nilizidharau. Nilipenda milima ikijifunika mawingu, na maji yakianguka mvuani. Ee, ujana na kiburi chake!

Siku hiyo tulipanda taksi kwenda maporomoko ya upande wa Kibuye. Nchi ilikuwa vitani, barabara ina vizuizi. Vitambulisho siku hizo viliandikwa kabila, na katika kizuizi kimoja askari alikishika cha Konsolata muda mrefu kuliko changu. Kisha akakirudisha. Konsolata alinishika mkono mpaka tulipofika.

Asubuhi nzima alisimama kwenye tope, akiikinga kamera kwa mwavuli mweusi wa marehemu baba yake. Kamera ilikuwa kavu, yeye alilowa chapachapa. Filamu ilipobaki na picha moja, akacheka.

"Hiyo moja nipige mie. Nipige hivi hivi nilivyo."

Wapi! Sisi watu wa studio tulikuwa na sheria yetu: mtu anapigwa picha akiwa na nguo za Jumapili, nywele zimechanwa, jua limetoka. Mvua ni ya milima. Nikamwambia, "Yewe Konso, umelowa kama kuku! Nani ataipenda picha hiyo? Ngoja Noeli, uvae lile gauni la bluu."

"Mie nitaipenda," akasema.

Nikaupiga mlima.

Noeli ikafika, studio ikajaa wateja, mganga hajigangi. Nikasema, basi Pasaka. Pasaka akavaa gauni la bluu, akasimama mlangoni, mvua ikaanza. Nikamwambia tungoje jua, siku ziko nyingi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, mwanangu. Wiki ile ile mauaji ya kimbari yakaanza. Konsolata waliniulia njiani, si mbali na hapa, na kitambulisho chake sikukiona tena. Mimi nilinusurika, hata leo sijui kwa nini mimi. Nyumba ilichomwa, pamoja na picha za harusi na filamu zote. Ndugu zake, ambao wangekuwa na picha yake, nao hawakubaki.

Sasa sikiliza, nirudi nyuma kidogo, kabla ya ile Noeli. Picha moja ya maporomoko ilitoka na kitu pembeni: ukingo wa mwavuli, mkono wa Konsolata umeushika, na nusu ya uso wake, anacheka. Mama mmoja wa Gitega, mtaa wa jirani, muuza nyanya, aliipenda, akaitaka kwa ukuta wake. Nikaona aibu kumpa kazi yenye dosari. Nikachukua mkasi.

Vita vilipokwisha nilikwenda kwa yule mama. Njia nzima nilijidanganya: labda sikukata vizuri, labda kimesalia hata kidole. Nikaikuta ukutani.

"Waliiba mpaka vijiko," akaniambia, "hii hawakuitaka. Chukua, mwanangu."

Nikaipeleka dirishani, nikautazama ule ukingo wa kushoto. Nilikuwa fundi wa mkasi, loo, nilikuwa fundi. Hakikusalia kitu. Nililia pale mpaka yule mama akanikumbatia kama mtoto wake.

Ndiyo ile pale ukutani, nyembamba, uliyoniuliza siku ile mbona haina upande mmoja. Nami nakwambia bila kuficha: sauti yake bado ninayo, lakini uso unanitoka, kila mwaka kidogo. Inaniuma. Majuto ni mjukuu, na wangu ameshakuwa mtu mzima.

Kwa hiyo nakuusia. Milima haina haraka. Hata wajukuu zako wataikuta. Anayekushikia mwavuli ndiye asiyengoja. Mpige akiwa amelowa, ana tope, hajachana nywele. Akikuomba picha, usimpangie sikukuu. Na yule mama wa kuni, kama bado yumo kwenye mashine yako, mrudishe, kisha umtafute umpelekee. Huenda kwao hawana nyingine.

Haya, nenda, imepungua. Mungu akujalie safari njema na mvua unazozipenda. Akupe mtu wa kukushikia mwavuli, na akupe moyo wa kumgeukia kabla filamu haijaisha.