Saa ya Matangazo ya Vifo

Usiniulize tena kipi ni bora garini, redio au simu. Jumamosi iliyopita mwanangu aliniuliza hivyo hivyo tukitoka Bukoba kwenda Muleba, mimi nikiendesha, yeye keshaunganisha simu yake na spika. "Mama, redio porojo tupu. Huku unachagua mwenyewe." Nikamwachia. Nina hasira mpaka leo, na sehemu kubwa nimejikasirikia mimi.

Utotoni kwetu, rafiki yangu, nani alichagua? Baba alikuwa na pikapu ya kubebea kahawa, inanuka maganda makavu, na redio iliyoshika stesheni moja tu. Safari za mjini nilipakatwa na jirani yetu, mama asiyejaliwa mtoto, aliyenilisha ndizi na maharage mwaka mzima mama yangu alipolazwa. Tulitafuna punje za kahawa, tukapiga soga. Lakini saa ya matangazo ya vifo ikifika, kimya! Baba aliegesha kando na kuzima injini. Akisikia jina la mtu wa upande ule, aliteremka akapaza sauti kuelekea migombani: "Waitu, ndugu zetu, mmesikia?" Hakuondoka mpaka ajibiwe. "Msiba hauna kadi ya mwaliko," alisema. Mimi nilinuna, nataka muziki, na jirani akanifinya paja: "Nyamaza, we mtoto!"

Basi Jumamosi hiyo tulikwenda vioo juu, nyimbo zinadunda. Kemondo tukasimama kula samaki, bila haraka. Kwenye vilima mtandao ukakata, tukasikia wimbo mmoja ule ule mara nne. Eti ndiyo kuchagua huko! Redio sikuigusa.

Nilikuwa nampelekea jirani yule sukari na kitenge. Tulipofika uani kwake saa kumi, watu walikuwa wanatawanyika, na nyuma ya nyumba, kwenye migomba, udongo ulikuwa mbichi.

"Tulikupigia, namba haipatikani," binti wa dada yake aliniambia. Kweli, nilibadili laini kufuata bando. "Tukatangaza redioni, jana mara mbili na leo asubuhi. Tukasema ana gari, atasikia."

Mwanangu akanong'ona, "Mama, ningejuaje?" Nikamfokea mbele za watu, na haikuwa haki. Aliyeshika usukani nilikuwa mimi. Lakini nawakasirikia na wengine wote waliopita barabara ile siku hiyo, kila mmoja na nyimbo zake, hakuna hata mmoja wa kusimama na kuita. Desturi ile tumeiua wenyewe, tena kwa raha zetu.

Niliomba kuona karatasi ya tangazo. Marehemu hakuzaa, nilijua. Lakini palipoandikwa watoto palikuwa na jina moja, langu, na baada yake: habari zimfikie popote alipo.

"Alisema mwenyewe tuandike hivyo," binti yule akasema. "Tulikusubiri saa nzima, mtoto ndiye hutangulia kutupa udongo. Mwishowe akatupa mchimba kaburi."