Mazoezi Nyuma ya Pazia la Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini, upande wa Maswa, nilikabidhiwa funguo mbili: ya chumba cha mazoezi ya viungo, na ya kabati lisilokuwa na kitu ndani. Mkuu wa Kitengo, mzee aliyepiga pasi hadi soksi, alinionyesha vyote viwili kwa heshima ileile. "Hapa hatutibu kwa sindano," akasema. "Tunatibu kwa kurudia. Misuli haitaki huruma, inataka ratiba." Mimi nilikuwa msaidizi wa fiziotherapia, yaani yule anayemshika mgonjwa wakati mtaalamu anatoa maelekezo. Wagonjwa waliniita daktari. Nilikanusha miezi michache, kisha nikachoka.

Enzi hizo aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi alikaa wodini mpaka atembee katikati ya mipini sambamba, mabomba mawili ya chuma yaliyofungwa usawa wa kiuno. Nilipohamishiwa Bariadi mambo yalikuwa yamegeuka. Soko huria lilikuwa limeingia, hospitali nazo zikaanza uchangiaji wa gharama, na ndugu wakawa wanawaondoa wagonjwa wao mapema. Ikabidi tubuni mazoezi ya nyumbani. Nilikwenda kwa mgonjwa mara moja, nikapima chumba kwa hatua zangu, nikatoa eneo la kitanda na masanduku, na kilichobaki ndicho kikawa kiwanja. Kisha nilichagua mazoezi yanayoenea humo na kuyaandika kwenye kadi.

Mkuu wangu wa Bariadi alikuwa mama asiyepoteza neno. Sheria yake ilikuwa kwamba mgonjwa asiyeonyesha maendeleo kliniki tatu mfululizo anafutwa, nafasi yake apewe mwingine. Watu walimwona mkatili. Orodha ya waliokuwa wanangoja ilikuwa ndefu, na mimi sikumlaumu.

Mgonjwa ninayemkumbuka kuliko wote ni mayu Minza, yaani mama Minza kwa Kisukuma, mwanamke mtu mzima wa kijiji cha Kimali aliyepooza upande wa kushoto. Binti yake Kabula alimchukua akae naye Somanda, awe karibu na hospitali. Siku ya kwanza nilimuuliza anataka nini kutokana na mazoezi, maana fomu ilikuwa na nafasi ya swali hilo.

"Kurudi kwangu kwa miguu yangu," akajibu. "Ukirudi Kimali umebebwa, ndugu wanaanza kuwaangalia ng'ombe wako kwa jicho lingine."

Chumba chao nilikipima asubuhi moja, Kabula akiwepo. Kilikuwa chumba kimoja, kitanda, meko ya mkaa, na nafasi ya hatua tatu kwa mbili. Nikampangia daraja, zoezi la kulala chali sakafuni, kupinda magoti na kunyanyua kiuno, ambalo huimarisha nyonga kuliko jingine lolote. Baada yake kukaa na kusimama mara ishirini, kisha kutembea akishika ukuta. Nilitoka nimeridhika kabisa.

Kliniki ya kwanza, hakuna badiliko. Ya pili, goti limeanza kukakamaa. Nilimuuliza kama anafanya mazoezi, akatazama pembeni akasema, "Tutajaribu, daktari." Nikaandika kwenye kadi, kwa mkono wangu: Hafanyi, mvivu. Mkuu akaisoma. "Bado kliniki moja," akasema, akaiweka kwenye fungu lake.

Sijui kwa nini nilipita kwao wiki hiyo bila kuitwa. Labda nilitaka kumkaripia vizuri. Nilimkuta mlangoni kijana mwenye mabega mapana, ameketi kwenye kigoda ndani ya kizingiti, anakata tairi la kutengenezea viatu vya katambuga. Nyuma yake khanga mbili zimefungwa kwenye kamba kukata chumba, na nyuma ya khanga mayu Minza ameketi kitandani kama mtu aliyepiga hodi na hajakaribishwa.

Huyo alikuwa Maduhu, mume wa Kabula. Alikuwa mpakiaji wa marobota ya pamba kiwandani mpaka walipopunguzwa. Katambuga zake angeshonea kibarazani, lakini miaka ile kila kibaraza cha Somanda kilikuwa kimegeuka duka, na mwenye nyumba alikuwa amekipangisha chao kwa muuza mitumba. Kabula alishinda sokoni na dagaa wa Lamadi. Kwa hiyo kutwa nzima walibaki wawili hao, mkwe na mkwe, ambao kwa mila yetu hawapeani mkono wala hawatazamani usoni. Usiku Maduhu alikwenda kulala kwa rafiki yake. Mchana hakuwa na pa kwenda.

Na mimi, Msukuma wa kuzaliwa, nilikuwa nimemwandikia mama huyo alale chali sakafuni anyanyue kiuno mbele ya mume wa binti yake. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Mbona hukuniambia, mayu?"

"Ningekuambia nini? Umesoma, mwanangu. Nilidhani unajua."

Tulipanga upya. Daraja likafanywa kitandani, chini ya shuka, alfajiri kabla Maduhu hajarudi. Mchana alikaa na kusimama nyuma ya pazia, akishika fremu ya kitanda. Maduhu akageuza kigoda chake, uso ukaelekea barabarani. Nikawa napita kila baada ya kazi, nikieleza kila hatua kwa sauti, hata namna ya kuinuka ukianguka. Maduhu alipigilia misumari yake bila kugeuka, nami nilimsahau kabisa.

Siku chache kabla ya kliniki ya tatu nilikuwa nakaribia mlango niliposikia kishindo ndani. Maduhu alikuwa amesimama na nyundo mkononi, mgongo kwa pazia, jasho linamtoka. Niliruka kizingiti.

"Kaa hapohapo, daktari," sauti ya mayu ikatoka sakafuni. "Sijavunjika."

Maduhu akaanza kusema, macho barabarani, kama anayezungumza na muuza mitumba.

"Daktari alisema mtu akianguka anageukia upande ulio mzima."

Tukasikia khanga ikisuguana na sakafu.

"Alisema anapinda goti zima, analileta chini ya tumbo."

Goti likagonga sakafu.

"Alisema hapo ndipo anashika fremu. Halafu asiharakishe, mguu mbovu utafuata wenyewe."

Kitanda kililia. Kisha nikasikia mama anapumua kwa nguvu, amekaa. Maduhu akarudi kwenye kigoda, akainua nyundo, akakosa msumari mara mbili. Nilifurahi kuliko siku niliyopewa cheti, na wivu kidogo ulikuwepo, maana hakuruka neno langu hata moja.

Kwenye kliniki ya tatu mayu Minza alitembea mipini yote bila kuishika. Mkuu akachukua kadi, akakata neno "mvivu" kwa kalamu nyekundu, akanirudishia.

Mayu alipoondoka kwenda Kimali niliwaona wakielekea stendi, Kabula akiwa mbele na mizigo. Maduhu alimfuata mkewe na mkoba wa mkwe, haangalii nyuma. Fimbo ya mama nyuma yake ikisita, naye anasita. Ikigonga tena, anaendelea.

Nimestaafu sasa, na magoti yangu yananidai ratiba niliyokuwa nawadai wenzangu. Vijana waliopanga vyumba hunijia kuuliza mazoezi gani yanafaa mahali padogo. Wanataja urefu na upana wa chumba, nami nawaacha wamalize, kisha nawauliza humo ndani wanaishi na nani.