Nevena na Diski Isiyongoja

Miaka thelathini Nevena aliendesha tramu jijini Sofia, na hakuwahi kumfungia mlango abiria aliyekuwa anakuja mbio. Wenzake walimcheka: "Wewe Nevena ungemngoja hata marehemu avae viatu!" Wakubwa walimgombeza kwa kuchelewa, naye akatia pamba masikioni.

Alipostaafu, mwanawe Ognyan alimletea mashine kuukuu ya kuchezea gemu. Kila Jumapili baada ya chakula walishindana kwa magari, na bibi huyu wa miaka sitini na saba alimwacha mwanawe mbali, maana kazi ni kazi. Kabla ya kila mbio, diski ya mashine ilizunguka na kukoroma dakika nzima na nusu ikitafuta barabara na magari yake. Wakati huo wote skrini ilikuwa nyeusi.

Katika weusi huo ndimo Ognyan alimozungumza. Ni mtu mgumu wa kusema tangu utoto. Mwulize habari zake jikoni, atasifia banitsa, ile pai ya jibini ya mama yake, na kuondoka. Lakini pale, macho mbele, alitoa neno moja moja. "Nimeacha kazi, mama." "Mimi na Kalina tunaachana." Mara taa ya kijani, wakaondoka, na neno limeshatoka. Nevena aliipenda ile diski kongwe mno.

Ikafika Jumapili ya Matawi, ambayo kwao ni sikukuu ya wote wenye majina ya maua, Nevena akiwamo. Ognyan alikuja na bisibisi na zawadi ya mama yake: diski mpya isiyozunguka, nyembamba kama biskuti.

"Hutangoja tena, mama!" alisema kwa fahari akifunga skrubu ya mwisho.

Nevena alishukuru, kwani zawadi haikataliwi, lakini moyo ulimwenda chini. Kweli, hata hawajakaa sawasawa, barabara ya gemu imeshafunguka. Mbio ya kwanza wakacheza kimya, ya pili kimya, ya tatu kimya. Sijui nani aliwadanganya watu hawa kwamba kila kungoja ni hasara.

Kabla ya mbio ya nne Ognyan alikohoa. "Mama, juzi nilikwenda hospitali, daktari aka..."

Barabara ikawaka. Akafunga mdomo, akashika kidhibiti kwa mikono miwili.

Taa ikawa kijani na magari yote yakaondoka, isipokuwa la Nevena.

"Mama, kijani hiyo! Umelala?"

"Sijalala."

"Basi kanyaga, nakuacha!"

"Nenda tu. Mimi nina abiria hajapanda."

Ognyan alicheka, kisha kicheko kikamwishia. Gari lake likapunguza mwendo, likasimama kando ya barabara. Sasa skrini ilikuwa nyeupe kwa jua la uongo, hakuna giza la kujifichia. Magari mengine yakazunguka na kuwapita mara ya kwanza, yakawapita mara ya pili. Nevena hakumgeukia, alitazama mbele kama alivyozoea, roho mkononi.

"Mlango uko wazi, mwanangu," akasema. "Siku hizi sina ratiba."

Magari yakawapita mara ya tatu.

"Ni uvimbe, mama. Hapa kooni. Wananipasua Alhamisi, na mimi naogopa."

Nevena akaweka kidhibiti chini, akamshika mkono.

"Saa ngapi? Nitatangulia mimi kufika hospitalini, nikungoje mlangoni."