Kizuizi cha ndoa ya mwanangu nilikipeleka mimi mwenyewe

Admin mwanangu, naomba unifichie jina, hapa Morogoro tunajuana. Mimi ni mama wa miaka sitini na moja, Mkatoliki, mjane, nakaa Kilakala. Nashona sare za shule hapo kibarazani kwangu. Nina mtoto mmoja tu, wa kiume, ana miaka thelathini na tatu. Hapa nitamwita Baraka.

Kwetu ni Njombe. Marehemu mume wangu alinileta huku alipopata kazi kiwandani, akafariki Baraka akiwa darasa la tatu. Tangu hapo nimekuwa baba na mama. Sikuolewa tena, na siyo kwamba hawakuja, walikuja. Nilikuwa nasema acha nimkuze mwanangu, ataoa, ataleta mke hapa, nitalea wajukuu. Chumba cha uani nilishakipaka rangi. Nilijipangia hivyo mwenyewe, Mungu wala sikumuuliza.

Baraka alisoma kilimo, akawa anakwenda Mkuyuni kununua mdalasini na pilipili manga kwa wakulima. Huko akampata binti wa Kiluguru, nitamwita Asteria. Binti mzuri, tuseme ukweli. Anasali kama sisi, mchapakazi, akija kwangu hasubiri kuambiwa aoshe vyombo. Shida ilianza walipopanga pa kuishi. Kwa Waluguru ukoo unafuata mama. Ardhi ni ya upande wa mama, na watoto ni wa upande huo huo. Asteria kapewa shamba na wajomba zake, na mwanangu kakubali kwenda kuishi huko, kwenye ardhi ya mke.

Nikamuuliza, "Yaani wewe ndiye unaolewa?"

Akacheka. "Mama, Mkuyuni siyo Ulaya. Nitakuwa nakuja."

Mimi sikucheka. Kwetu mwanaume akihamia ukweni anasemwa mpaka anazikwa. Na wajukuu wangu je? Wawe wa ukoo wa watu, mimi nibaki na cherehani? Hayo ndiyo yalikuwa yananizunguka kichwani mchana kutwa nikikata vitambaa.

Tangazo la ndoa likasomwa kanisani Jumapili ya kwanza, likasomwa na ya pili. Kwa wasiojua utaratibu wetu, linasomwa mara tatu, na mwenye kujua kizuizi anatakiwa aende kwa Paroko kabla ndoa haijafungwa. Jumatatu nikavaa kitenge changu cha jumuiya nikaenda. Nikamwambia Paroko kwamba Baraka alishaposa binti mwingine Njombe, barua ilipokelewa, na jambo lile halijafutwa. Barua ipo kweli. Ila niliyeituma ni mimi, miaka miwili iliyopita, kupitia kaka yangu. Baraka hajawahi kuiona hiyo barua wala kumjua huyo binti. Hicho kipande sikukisema. Paroko akaniahidi hatanitaja.

Tangazo la tatu halikusomwa. Baraka aliitwa, akaambiwa kuna maneno ya posa ya Njombe. Alirudi nyumbani amesawajika, akakaa pale pale kwenye benchi la wateja wangu. Akasema, "Huyu ni mjomba tu. Kila siku anataka nioe kwao." Ndugu zangu, nilimwacha aamini hivyo, nikaendelea kutunga uzi kwenye sindano. Sasa hapokei simu za kaka yangu, na kaka yangu ananipigia mimi kuniuliza amemkosea nini mtoto.

Kwa kina Asteria ndiyo usiseme. Mjomba wake, ambaye kwao ndiye mwenye kauli, kasema jambo lisiposafishwa ndoa hakuna, hawawezi kumtoa binti yao aende kugombania mume. Asteria mwenyewe alikuja kwangu wiki iliyopita. Akapiga magoti, "Shikamoo mama." Nikaitikia. Akasema, "Mama, mimi sina mwingine wa kumuuliza. Baraka ana mtu?" Nikamjibu, "Sijui, mwanangu." Niliona alivyoondoka anajifuta macho na ncha ya khanga. Nilijichukia siku ile.

Jumapili tatu sasa sikomuniki, siendi mbele kupokea Ekaristi. Wenzangu wakisimama mimi nabaki nimekaa, najifanya natafuta leso kwenye mkoba. Lile neno la mwanaume kuwaacha baba na mama akaambatane na mkewe, nimelisikia kwenye ndoa za watoto wa wenzangu sijui mara ngapi, na nikaitikia Amina kwa sauti. Mkuki kwa nguruwe. Leo ni zamu yangu nimeona uchungu wake. Nimechoka jamani. Nimechoka kudanganya, na nimechoka kumshikilia mtu mzima kama vile bado namvusha barabara. Hata huo upweke niliokuwa nauogopa tayari ninao, maana anakaa na mimi ndani lakini siwezi kumtazama usoni.

Juzi ndiyo kanimaliza kabisa. Amekuja na chai, kaniwekea, kakaa. Akasema, "Mama, Jumamosi tunaitwa kwa Paroko, na wajomba zake Asteria watashuka. Nimesema shahidi wangu ni wewe. Wewe ndiye unanijua tangu nazaliwa. Waambie tu kwamba sijawahi kuposa mtu, watakuamini." Nikamwambia nitakuja.

Kwa hiyo Jumamosi nitaingia ile ofisi kumtetea mwanangu dhidi ya maneno niliyoyapeleka mwenyewe, na Paroko ananiangalia. Nikiendelea kuficha, namvunjia ndoa. Nikisema, atamwoa Asteria, lakini sijui kama ataniita mama tena.

Msiniambie nisali, nimesali. Wala msiniambie nimwache aende, hilo limeshaniingia, ingawa limechelewa. Nawauliza ninyi wazazi mliowahi kuwakosea watoto wenu wakubwa: nimwambie leo tukiwa wawili, au nisubiri nikaseme mbele ya wakwe zake aone sijajificha? Na neno la kwanza nianze na lipi? Nishaurini upesi. Leo ni Alhamisi.