Kanji ya Sare Nyeupe

Kwetu Mji wa Kale, karatasi yoyote iendayo serikalini hupitia mikononi mwangu. Nimeuandikia mtaa malalamiko ya maji, maombi ya vyeti vya kuzaliwa, hata barua ya jirani aliyetaka nguzo ya umeme iondolewe mlangoni pake. Nguzo ingalipo. Lakini barua, wote walikiri, ilikuwa tamu. Hiyo ndiyo faida ya kusoma chuo kikuu kisha ukarudi kukaa kwa mamako.

Kwa hiyo ndugu yangu mdogo alipotaka kuhama jeshi la nchi kavu aingie jeshi la wanamaji, hakuandika mwenyewe. Alinipigia simu kutoka kambi yao ya kaskazini, safari ya kutwa na zaidi kwa basi.

"Kaka, sema mama mgonjwa. Sema mimi fundi wa injini, na injini ni injini, iwe ya lori ama ya meli. Sema naomba nije Mombasa, hata kama ntaanza chini. Basi."

Moyo wa mama ulikuwa umetanuka, na daktari alishatuambia tusipange mambo ya mbali. Kazi yake ya maisha ilikuwa kutia kanzu kanji: kuzichovya katika maji ya wanga, kuzianika darini, kisha kuzipiga pasi ya makaa mpaka zisimame zenyewe. Mabwana harusi wengi wa Kibokoni wameoa ndani ya kanzu za mikono yake. Sare ya kijani ya mwanawe hakuwahi kuipenda. Aliiita nguo ya rangi ya mchicha uliolala. Aliposikia habari za wanamaji na sare yao nyeupe, aliagiza pakiti mpya ya kanji kutoka Marikiti, akaiweka juu ya kabati.

"Hiyo nyeupe haipigi pasi mtu mwengine," alisema. "Ntaipiga mimi, nimuone amesimama nayo hapo mlangoni. Kisha Mungu afanye alitakalo."

Maneno ya ndugu yangu yalitosha mistari mitatu. Mimi niliyaona kama tusi kwa elimu yangu. Nikaanza na utangulizi. Nikaingiza aya nzima juu ya watu wa pwani na bahari, nikaifuta, nikairudisha. Siku ya nne nilikwama kwenye neno moja, nikaenda kunywa kahawa tungu nilifikirie. Siku ya sita alipiga simu.

"Barua yangu ishakwenda?"

"Naimalizia."

"Kaka, hiyo ni barua ama halua? Yapikwa siku ngapi?"

Tulicheka sote wawili. Nilimpelekea siku ya tisa, kurasa tatu. Karani wa kikosi chao aliipima kwa mkono kabla ya kuisoma, kisha akamwambia kwamba maombi yalikuwa yamefungwa juzi yake. Angoje kikao kijacho. Akampa na fomu. Mahali pa kueleza sababu palikuwa na mistari mitatu.

Mama hakuacha kuuliza. Kila asubuhi, nikimpelekea uji, alitazama juu ya kabati kwanza, kisha mimi.

"Hawajamjibu?"

"Bado, mama."

"Serikali hii nzito!"

"Nzito kweli," nilisema. Mtu wa maneno mengi, na hayo mawili ndiyo niliyoyapata. Serikali ilibeba lawama yangu kwa muda wa miezi miwili, kila siku, kwa kijiko cha uji.

Alifariki Alhamisi alfajiri, tukamzika alasiri. Ndugu yangu aliwasili Ijumaa, watu wanakunja mikeka, akiwa na ile sare ya kijani na vumbi la njia nzima. Hakuniuliza kitu. Alikwenda makaburini peke yake, akarudi, akalala juu ya kitanda cha mama bila kuvua viatu.

Kibali cha kuhama kilitoka baadaye, kwa ile fomu ya mistari mitatu, aliyoijaza mwenyewe. Juzi alivuka Feri kutoka kambi yake mpya kuja nyumbani na sare nyeupe ndani ya mfuko, kesho yake alikuwa na gwaride la kwanza. Niliishusha ile pakiti juu ya kabati. Sikujua kipimo. Nilikoroga kanji nzito kama uji wa mgonjwa, nikachovya, nikaanika, nikapiga pasi ya umeme kwa sababu ile ya makaa siiwezi. Shati lilitoka gumu kama ubao, mikono imegandana.

Alilitazama, akatabasamu kidogo. Hapo ndipo nilipopata ujasiri wa kumuuliza swali nililokuwa nimelibeba tangu msiba.

"Mama alijua ya kuwa ni mimi niliyeichelewesha?"

"Aliniuliza kwa simu, usiku ule wa mwisho. Nikamwambia barua ilipotea njiani."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Masikini kakako, na alivyojisumbua kuiandika.'"

Ndugu yangu alitia mkono katika shati, ukakwama katikati ya kanji yangu. Angeweza kuusukuma kwa nguvu. Aliupenyeza taratibu, inchi kwa inchi, akiibandua nguo kwa vidole ili asiivunje mikunjo niliyoipiga, kisha akaenda kusimama mlangoni.